Isale: mlinzi wa mpaka aliyehamia sebuleni

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara mjini Moshi kuna mmea mmoja unaouzika sana kwa wanaohamia nyumba mpya. Una majani marefu yanayoning'inia, ya kijani kilichoiva, mengine yakiwa na mstari wa njano katikati. Umewekwa kwenye chungu chenye nakshi, nao muuzaji anauita draseni, au anasema tu kwamba ni ua la ndani. Mnunuzi anajadili bei, anaupakia kwenye buti la gari, na Jumamosi inayofuata anapanda Kibosho au Marangu kuwasalimu wazazi. Njia nzima, kushoto na kulia, anapita katikati ya mmea uleule, umesimama kwa safu kati ya kihamba na kihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga, na hajalipia hata shilingi.

Mmea huo ni isale. Wataalamu wa mimea wanauita Dracaena fragrans, na ule wenye mstari wa njano ni uzao wake uliochaguliwa na wakulima wa maua. Ni kichaka cha nchi za joto kisichopukutisha majani, chenye asili ya Afrika, kinachopatikana tangu Sudan hadi Msumbiji, na upande wa magharibi hadi Ivory Coast na Angola. Kikiachwa msituni kwa miaka mingi huweza kufika urefu wa mita 15. Kwenye mpaka wa kihamba hukatwakatwa kikabaki kimo cha mtu, au juu kidogo.

Wapo wanaolalamika kwamba isale walilonunua mjini limeungua ncha za majani, limegeuka njano au limeoza shina ndani ya miezi michache, ilhali lile la babu limesimama tangu kabla ya Uhuru bila mtu kulimwagilia. Ukiyachunguza mazingira ya mimea hiyo miwili utaona kwamba la babu halikuachwa lijitunze lenyewe. Kihamba kizima kilikuwa kinalitunza.

Linavyosimama kati ya majirani

Kwa Wachagga, isale halikuwahi kuwa pambo. Kazi yake ya kwanza ni mpaka. Baba anapowagawia wanawe ardhi, masale hupandwa kwenye mstari uliokubaliwa, wazee na majirani wakiwapo. Mpaka wa jiwe unaweza kusogezwa usiku mmoja, na mti wa mbao huishia kukatwa ukauzwa. Isale halina mbao wala kuni za maana, kwa hiyo hakuna anayelitamani. Halitambai kwa mizizi kama nyasi, ukilikata huchipua palepale, na kiangazi kirefu hakiliui kwa urahisi. Mmea wenye tabia hizo hutoa ushahidi wa mahali mstari ulipokuwa hata baada ya waliouweka kufariki.

Kazi ya pili ni upatanisho. Aliyemkosea mwenzake, awe ndugu, mzazi, mke au jirani, humpelekea jani la isale kuomba radhi, mara nyingi kupitia kwa mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote. Kulikataa jani hilo ni jambo zito. Ugomvi ulioshinda maneno ya mwaka mzima umewahi kukalishwa chini kwa jani moja, kisha ukafungwa kwa mbege, pombe ya ndizi. Kazi ya tatu ni kaburi: masale hupandwa pale wazee walipolazwa ndani ya kihamba, na kwa familia nyingi za Kilutheri na Kikatoliki msalaba na isale husimama pamoja bila mtu kuona kuna mgongano.

Desturi hii haiko kwa Wachagga peke yao. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan wa Chuo cha Middlebury nchini Marekani alianza kuifuatilia mimea ya mipaka akiwa Upare ya Kaskazini, jirani kabisa na Moshi, na katika kitabu alichotoa mwaka 2023 akailinganisha na ya Kamerun na ya visiwa vya Karibi na Pasifiki. Katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa Kamerun, mmea wa jamii hiihii ya Dracaena ndio mmea wa amani. Ukiwaona Wahaya wa Bukoba na Waganda ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria wakiutumia kwenye mipaka ya migomba yao, utatambua kuwa penye mgomba na watu wengi kwenye ardhi ndogo, mmea huu umepewa kazi ya kuwafanya waishi pamoja.

Safari ya kwenda vyumbani

Ulaya iliujua mmea huu mapema. Mwaka 1762 Carl Linnaeus, msomi wa Sweden aliyeanzisha mtindo wa kuipa mimea majina mawili, aliuandika kwa jina Aletris fragrans, na mwaka 1808 ukahamishiwa jamii ya Dracaena. Tanzania nayo iliacha alama yake. Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin, aliielezea Dracaena deremensis akitumia jina la Derema, mahali palipo karibu na Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Kwa miaka mingi mimea ya ndani iliyouzwa duniani kwa majina ya kibiashara 'Warneckei' na 'Janet Craig' ilihesabiwa kuwa ya aina hiyo ya Derema, hadi wataalamu walipoiunganisha na Dracaena fragrans.

Leo anayevuna fedha nyingi za mmea huu yuko mbali na Kilimanjaro. Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pingili za Dracaena zinazosafirishwa kwenda kuoteshwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Wakulima wa huko wanauita caña india, na nao pia wanautumia kama ua hai wa mashamba. Kwa hiyo pingili zinazofika Rotterdam zikiwa zimefungwa nta kichwani kuzuia kukauka ni za mmea ambao sisi tunaukata kila mwaka na kuutupa chini ya migomba.

Kuotesha: somo la pingili

Mwenye kihamba hahitaji kununua mche. Chagua shina lililokomaa, lenye unene wa kidole gumba hadi wa mpini wa jembe, lisilo na madoa wala ulaini. Kwa ajili ya chungu, kata pingili za urefu wa sentimita 15 hadi 25. Kwa ajili ya mpaka, kata ndefu zaidi, hata za nusu mita au mita nzima, ili zisimezwe na majani. Tumia panga au kisu chenye makali, kwa sababu kilichobutuka huponda shina na kufungua mlango wa kuoza. Ziweke kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke.

Kosa linalowapata wengi ni kupanda pingili kichwa chini. Shina lililokwisha kutolewa majani halioneshi haraka juu ni wapi, na likigeuzwa halishiki vizuri. Dawa yake ni rahisi: wakati wa kukata, upande wa chini ukate mshazari na wa juu ukate bapa. Njia nyingine ni kuilaza pingili kwenye mchanga wenye unyevu, nusu ikiwa imefukiwa, ichipue kwenye vifundo. Ncha yenye majani nayo hushika. Punguza majani yake nusu ili isipoteze maji mengi kabla ya mizizi kutoka.

Pakiwa na joto na unyevu wa kutosha, mizizi huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita. Mlimani, wakati mzuri ni mwanzo wa masika, Machi, au wakati wa vuli, Novemba. Usipande Juni na Julai, hasa maeneo ya juu yaliyo karibu na msitu, kwa kuwa baridi ya miezi hiyo hupunguza kasi na pingili hukaa udongoni muda mrefu hadi ikaoza. Isale hupenda nyuzijoto za kati ya 18 na 27, na likikaa chini ya 10 kwa muda mrefu huanza kudhurika.

Kwa ua wa mpaka, acha sentimita 30 hadi 50 kati ya mche na mche. Likifika kimo unachotaka, kata kichwa: chini kidogo ya jeraha yatatoka machipukizi mawili, matatu au manne, na ua utajaza. Yale ya mstari wa njano yazidishwe kwa pingili za shina pekee. Mbegu hazirithishi mstari huo, na chipukizi likitoka mzizini mara nyingi hurudi kuwa kijani kitupu.

Kivuli cha mgomba, ndani ya nyumba

Kihamba cha Kichagga kimepangwa kwa ghorofa. Juu kuna miti mikubwa kama msesewe na mgrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, kisha magimbi na majani ya mifugo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Andreas Hemp, mtafiti wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Kilimanjaro, alihesabu ndani ya vihamba aina zaidi ya 500 za mimea. Isale limo humo, kwenye kivuli chepesi, na msituni juu yake wapo ndugu zake kama Dracaena afromontana.

Mwanga ndilo jambo la kwanza ambalo nyumba ya mjini inapaswa kuliiga. Weka chungu mahali penye nuru nyingi lakini jua lisikoangukia majani moja kwa moja, hasa la alasiri, ambalo Moshi huwa kali mno Januari na Februari. Dirisha la mashariki linafaa, na kibaraza chenye paa kinafaa zaidi. Kwenye korido la giza isale halitakufa upesi, lakini litarefuka likiwa dhaifu, na mstari wa njano utafifia. Jambo hilihili linaonekana hata shambani: pale ambapo kahawa na miti ya kivuli vimeondolewa kupisha mahindi, masale ya mpakani yamebaki juani na majani yake yamegeuka njano.

Pili ni udongo. Udongo wa volkano ulio chini ya migomba una mboji nyingi na hupitisha maji haraka. Ukichota udongo mzito wa tambarare ukaujaza chunguni peke yake, maji yatatuama na mizizi itakosa hewa. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa bustani, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mto. Chungu kiwe na matundu chini, na maji yanayojikusanya kwenye sahani yamwagwe.

Tatu ni kiasi cha maji. Zamisha kidole udongoni hadi kifundo cha pili, na ukikuta pamekauka ndipo umwagilie hadi maji yatokee chini. Kipindi cha joto huenda ikawa mara moja kwa wiki. Juni na Julai, mara moja kwa wiki mbili au tatu. Majani ya chini yakigeuka njano mengi kwa pamoja na shina likawa laini likibonyezwa, maji yamezidi. Hapo usihangaike kuokoa mizizi: kata sehemu ya juu iliyo ngumu na uanze upya na pingili. Jani moja moja la chini likikauka, huo ni uzee tu, litoe.

Ncha zilizoungua na maji ya Meru

Lalamiko kubwa kuliko yote ni ncha za majani kukauka na kuwa za kahawia. Wauzaji wengi hushauri maji zaidi au mbolea zaidi, na hali huzidi kuwa mbaya. Sababu inaweza kuwa hewa kavu au mbolea iliyozidi, lakini katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kuna mtuhumiwa ambaye wenyeji wanamfahamu kwa meno yao: floraidi.

Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru huachia madini hayo kwenye maji ya chini ya ardhi na ya baadhi ya mito. Maji ya Chai, wilayani Arumeru, na vijiji vingi vya jirani vimezoea watoto wenye meno ya rangi ya kahawia, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitafuta njia za kuyasafisha maji hayo, ikiwamo mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya hali halisi ya kaskazini, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 vijijini.

Isale ni miongoni mwa mimea ya pambo inayodhuriwa zaidi na floraidi. Mizizi huinywa pamoja na maji, maji hupanda hadi jani linapoishia na kupotea hewani kama mvuke, nayo floraidi hubaki pale penye ncha na kingo. Haina njia ya kurudi. Ikishajilimbikiza, chembe hai za sehemu hiyo hufa. Ndiyo maana ncha huungua wakati katikati ya jani ni kijani kabisa.

Kuyachemsha maji hakusaidii, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki ikiwa nzito zaidi. Kuyaacha kwenye ndoo usiku kucha huondoa klorini tu. Kinachofaa ni maji ya mvua. Tangi dogo chini ya mfereji wa bati, likijazwa masika, laweza kutosheleza vyungu kadhaa kwa miezi. Chunga pia mbolea: superfosfati na nyingine zitokanazo na mawe ya fosfati hubeba floraidi, kwa hiyo kwa isale la chunguni mboji au samadi iliyooza vizuri, kiganja kimoja kila miezi miwili au mitatu ya joto, inatosha. Chokaa kidogo ya kilimo, ikipunguza uchachu wa udongo, huifanya floraidi isinyweke kwa urahisi. Ncha iliyokwisha kuungua haiponi. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani.

Kwa isale la babu mlimani tatizo hili ni nadra, kwa sababu linakunywa mvua ya Kilimanjaro, na pale chini ya migomba udongo wenye mboji nyingi unalilinda.

Wadudu, harufu na sifa ya kusafisha hewa

Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, hujificha jani linapoungana na shina. Wafute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, kisha osha kwa maji yenye sabuni kidogo. Vivyo hivyo kwa wadudu gamba. Utitiri hupenda vumbi na ukavu, na vumbi la Moshi la Septemba tunalijua: futa majani kwa kitambaa kibichi kila wiki, na usiyapake mafuta ya kung'arisha, maana huziba vinyweleo vya kupumulia.

Isale lililokomaa huchanua vishada vya maua meupe yenye wekundu hafifu, yanayofunguka jioni na kutoa harufu nzito usiku kucha. Nje harufu hiyo huwaita nondo, kisha hufuata matunda madogo ya rangi ya chungwa. Sebuleni huweza kumkosesha mtu usingizi. Kata kishada, mmea hautadhurika.

Sifa ya kusafisha hewa ipimwe kwa kiasi. Ilianzia kwenye jaribio la NASA la mwaka 1989, ambapo mimea kadhaa, Dracaena ikiwamo, iliwekwa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa na ikapunguza kemikali hewani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya namna hiyo na kuonesha kwamba katika chumba cha kawaida kungehitajika mimea 10 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kile ambacho hewa ya nje hufanya ikiingia ndani. Kwa hiyo panda isale kwa uzuri wake, na hewa ifungulie dirisha. Walio na paka au mbwa waweke chungu mbali nao, kwa kuwa majani yakiliwa huwatapisha.

Kabla hujachimba shimo la mpaka

Mwaka 1984 watafiti waliochunguza vihamba waliandika kuwa wastani wa kimoja ni hekta 0.68. Tangu hapo vimegawanywa tena kwa wana na wajukuu, na kila mgawo unahitaji masale mapya. Hapa ndipo utunzaji wa mmea unapokuwa pia utunzaji wa ujirani.

Shina la isale likiinama na kugusa ardhi huota mizizi pale lilipoangukia. Miaka 20 baadaye safu imehama hatua moja kuelekea kwa jirani, na hakuna aliyekusudia kuiba. Kila mwaka, baada ya masika, punguza mashina yaliyolala, ukate upande wako tu au mkubaliane kukata pamoja. Usichukue pingili za kuotesha kutoka safu ya mpakani bila kumwambia jirani, kwani pengo linalobaki huzua maswali. Wala using'oe kwa hoja kwamba umeweka ukuta wa tofali: Kanuni ya Adhabu inahesabu kuondoa alama za mpaka kwa nia ya kudhulumu kuwa kosa la jinai.

Migogoro mingi inayofika kwenye mabaraza ya ardhi Kilimanjaro huanzia kwenye swali la nani alipanda masale haya, lini, na nani alikuwapo. Wazee walijibu swali hilo kwa kumbukumbu zao, na wazee hao wanaondoka. Anayetaka kupanda mpaka vuli ijayo afanye walivyofanya wao na aongeze kalamu: awaite majirani wa pande zote, wazee wa ukoo na mjumbe wa kijiji, mchana kweupe; aandike urefu wa safu, idadi ya miche, tarehe na majina ya waliohudhuria; wote watie sahihi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Kisha baada ya wiki sita warudi pamoja kukagua ipi imeshika na kuziba palipokufa.